Tegu Aliyechelewa Kupata Jina

Mwanangu Yasinta,

Sanduku lako limeshafungwa, na habari za sabuni, nauli na kutunza blanketi nimezisema mpaka umechoka. Asubuhi uliniambia, "Baba, nimesikia, hata vyombo vimesikia." Nilicheka. Kisha ukaenda Tlawi kumuaga Bibi, nami nimebaki hapa mezani na jambo moja ambalo sikukujibu.

Uliniuliza Jumapili tulipotoka kanisani. Hukusimama wala hukunitazama. Ulisema kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Baba, na mimi nitaanguka kama mama?" Nikakuhimiza twende haraka kabla duka la viatu halijafungwa. Viatu tulinunua, jibu sikukupa. Tangu siku hiyo naona unavyokaa mbali na jiko unapokoroga uji, na unavyoshika ukuta ukiinuka ghafla. Kesho unakwenda kulala bwenini kati ya watoto wa watu. Siwezi kukuacha uende na swali hilo peke yako.

Naandika kwa sababu kwa mdomo nitakimbia tena. Wewe unanijua. Barua ya ofisi naisoma mara mbili tatu kabla ya kuipeleka kwa mkubwa, halafu narudi kuichungulia tena mezani kwake. Watu wanasema karani huyu ni makini. Mama yako hakudanganyika. Alikuwa akiniambia, "Wewe unaogopa hata nukta."

Wakati wa mambo haya ulikuwa mdogo, hujaanza hata darasa la kwanza. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mpya, na pale ofisini Mbulu bado tulikuwa na mihuri iliyoandikwa Arusha. Tulikuwa tunaitumia huku tukisubiri mingine. Mimi nilikuwa karani wa mkataba katika ofisi ya mifugo, kijana aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi akakosa nafasi ya kuendelea. Niliajiriwa baada ya watu wengi kupunguzwa kazini, na kupunguza kulikuwa hakujaisha. Niliwaona wazee walionizidi umri wakibeba makoti yao kutoka kwenye misumari ya ukutani na kwenda nyumbani, na kila nilipoitwa na mkubwa nilidhani zamu yangu imefika. Usione nakupa sababu ili unihurumie. Nataka tu ujue mtu aliyekuwa pale alikuwa wa namna gani.

Tulikuwa tukiishi Tlawi, kwa Bibi. Ushirika ulikuwa umedorora, kila mtu alijitafutia mwenyewe, na nguruwe ndio waliokuwa wakilipa ada za watoto. Sisi hatukufuga, lakini majirani walifuga, na nguruwe wao walizurura popote, hata nyuma ya vyoo vyetu vilivyokuwa havina milango. Mtu alichinja nyuma ya nyumba yake na nyama ikaisha kabla bwana mifugo hajapata petroli ya kwenda kuikagua. Mjini vibanda vya kitimoto vilikuwa vimeota kila upande. Jumamosi nikirudi nyumbani nilipitia kimojawapo nikabeba kipande kilichofungwa kwenye gazeti.

Bibi yako alilelewa na wazee waliomwona nguruwe kuwa mnyama wa kigeni na mchafu. Hakuwahi kusema mbele ya mtu kwamba anakula nyama yake. Akiliona lile gazeti alisema tu, "Umeniletea ile nyama laini?" Alichagua vipande vyenye mafuta. Mimi sikuitaja nyama kwa jina lake, yeye hakuuliza. Nyumbani kwetu hiyo ndiyo heshima tuliyoijua.

Mama yako, kama unavyojua, alikuwa mtu wa Balangdalalu, huko Hanang. Alipoolewa huku juu alilalamikia baridi kila asubuhi na kucheka kila jioni. Alianguka mara ya kwanza shambani, wakati wa kuvuna maharage. Waliokuwa wakivuna naye waliunyooshea kidole mdomo wake uliojaa povu wakarudi nyuma. Alipozinduka aliuliza kwa nini watu wote wamesimama mbali hivyo, kama amekanyaga nyoka.

Kwetu kuna mambo ambayo yakimpata mtu hutengwa kwa muda, ili yasiwafuate wengine. Mwanamke aliyepoteza mimba alitengwa, na aliyefiwa pia. Hana ruhusa ya kuingia kwa jirani, na vyombo vyake haviguswi. Bibi alimweka mama yako katika hali hiyo bila hasira yoyote, kama mtu anayefunga zizi jioni. Alipewa kikombe chake, sahani yake, kigoda chake, na kibanda cha nyuma chenye mafiga yake mwenyewe. Wewe ulilala kwa Bibi. Mchana ulikimbilia kwa mama yako na kurudishwa, ukakimbilia tena.

Mimi nilikuwa nimesoma biolojia. Nilijua kifafa hakipiti kwenye kikombe. Nilinyamaza. Nilijiambia ni kwa muda tu, nisimvunjie mama yangu heshima kwa muda tu, na muda ule haukuisha. Mama yako aliligeuza kuwa mzaha. "Katika parokia nzima," alisema, "mwenye kikombe chake peke yake ni mimi na padre." Nilicheka naye. Leo nadhani alitaka mtu asicheke.

Kisha akaja Daktari wa minyoo. Alitoka chuo kimoja cha huko bondeni, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akitafuta tegu. Tegu ni ule mnyoo mrefu kama utepe unaokaa tumboni mwa mtu. Ofisi ikanitoa nimsindikize nyumba kwa nyumba, niandike majina na nitafsiri pale ambapo Kiswahili hakikutosha.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jibu lako lilipo. Tegu wako wa aina mbalimbali, na wawili wanatuhusu. Yuko anayepatikana kwa kula nyama ya ng'ombe isiyoiva, na yuko anayepatikana kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Ukiwatazama wamefanana, weupe, wamekatikakatika kama utepe wa fundi cherehani. Yule wa ng'ombe ni usumbufu tu. Yule wa nguruwe, mayai yake yakitoka na choo cha mtu, yakashika mikono, mboga au maji, mtu mwingine akiyameza yanapasuka ndani yake na viluwiluwi vinatembea mpaka kwenye misuli au ubongo na kujikunja huko kama punje za mchele. Punje zikiwa kwenye ubongo, mtu anaweza kuanza kuanguka. Mwenye punje kichwani hamwambukizi yeyote. Anayeweza kuambukiza ni yule mwenye tegu tumboni, ambaye mara nyingi haumwi chochote.

Utaratibu wa Daktari niliupiga chapa mimi mwenyewe. Nyumba ikipatikana na tegu wa nguruwe, watu wake waulizwe kama kuna anayeanguka, apelekwe hospitali apigwe picha ya kichwa na kupewa vidonge. Nyumba ya tegu wa ng'ombe ipewe dawa, kazi imekwisha.

Tukafika nyumbani kwetu. Bibi alikuwa akitoa vipande vyeupe na hakuona aibu kusema. Akapewa dawa, akatoa mnyoo, Daktari akautia kwenye chupa ya spiriti. Lakini kichwa cha mnyoo hakikuonekana, na vipande vilikuwa vimeharibika. Daktari alivitazama kwenye darubini yake, akajaribu kuhesabu matawi ya tumbo la uzazi la mnyoo, maana hayo ndiyo hutofautisha aina hizo mbili. Hakuona kitu cha kuaminika. Akamgeukia Bibi kwa adabu, akaniomba nimuulize anakula nyama gani.

Bibi hakungoja nitafsiri. "Ya ng'ombe. Nguruwe mimi sijui hata harufu yake."

Jirani aliyekuwa amekuja kutazama wageni akacheka, "Bibi huyu? Hata kivuli cha nguruwe anakiruka." Watu wote wakacheka, na Daktari pia. Kisha akanitazama mimi, mwenyeji wake, msomi mwenzake, kama kuniuliza. Nikainamisha kichwa nikaandika ng'ombe.

Nimejaribu mara nyingi kujiona pale na kujipa maneno. Ningeweza kumvuta Daktari pembeni. Ningeweza kusema njiani, au kesho yake ofisini. Lakini kumsahihisha mama yangu mbele ya wageni nilikuona ni kumvua nguo. Na kusema kwamba nina mke anayeanguka, amefichwa kibanda cha nyuma, hatua chache tu kutoka pale tuliposimama na karatasi zetu, kulikuwa kuonyesha mimi ni mtu gani. Niliogopa ofisi ingejua. Siku zile niliogopa ofisi kuliko nilivyoogopa kifo cha mtu.

Mama yako alisikia yote kupitia ukuta wa kibanda. Jioni nilipompelekea maji aliniuliza, "Mbona hukusema ile nyama ni ya nguruwe? Harufu yake inanifikia mpaka huku."

Nikamjibu, "Ni mama yangu."

Alinitazama kidogo. "Basi sawa," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Hakuwahi kulitaja tena. Kuna wakati natamani angenifokea.

Siku alipofariki wewe ulikuwa malishoni na watoto wa jirani. Wengine wamekuambia alikuwa mgonjwa akafa, na mimi nimewaacha waseme hivyo. Alianguka akiwa anapika, Yasinta. Aliangukia motoni. Kwenye nyumba kubwa walikuwapo watu, na kama angekuwa anapika nao wangemvuta. Lakini alikuwa kwenye mafiga yake mwenyewe, mahali tulipomweka. Nisamehe kwa kuliandika wazi. Nimeona utalisikia siku moja kutoka kwa mtu asiyempenda, nikaona heri ulisikie kwangu.

Daktari alirudi baada ya mvua za mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa bado na kitambaa cheusi mkononi. Alikaa mbele ya meza yangu, akaagiza chai, akaniambia kwamba ile chupa ya Bibi ilikuwa imesomwa upya. Sikuelewa, ndipo akanieleza, naye alieleza vizuri kiasi kwamba naweza kukupitishia vilevile.

Katika kila chembe ya mwili wa kiumbe, alisema, kuna majiko madogo mno yanayopika nguvu. Shuleni tuliyaita mitokondria, nawe utayakuta mbele. Majiko hayo yana maandishi yake mafupi, mbali na yale makubwa yaliyoko katikati ya chembe. Maandishi hayo yote kwa pamoja ndiyo wanayaita jenomu ya mitokondria. Kwa kuwa majiko ni mengi katika kila chembe, maandishi yake husalimika hata katika kipande cha mnyoo kilichochakaa, kisicho na kichwa, kilichopigwa na jua kwenye gari. Wanayasoma herufi kwa herufi, wanayalaza kando ya maandishi ya tegu wa mahali pengine, na yale yanayofanana wanayaweka ukoo mmoja. Alichovya kidole kwenye chai akanichorea tawi juu ya meza. Hapa tegu wa ng'ombe. Hapa tegu wa nguruwe, ambaye naye amegawanyika, wa Asia upande mmoja, na wa Afrika pamoja na wa Amerika ya Kusini upande wa pili. Nilimuuliza wa Tlawi na wa Amerika wamekutana wapi. Akasema huenda nguruwe walibebwa na watu kwenye meli zamani, na tegu hakulipa nauli.

Kisha akaweka kidole kwenye tawi la nguruwe. "Wa mama yako yuko hapa," akasema.

Chai ilikauka juu ya meza. Nilimweleza habari za mama yako, zote, pamoja na kibanda. Hakunifokea. Aliweka kikombe chini, akafumba macho. Nikamuuliza kama ni Bibi aliyempa mama yako ule ugonjwa.

"Sijui, na sitajua," alisema. "Tegu wa vijiji hivi, Mbulu mpaka Hanang, ni ukoo mmoja, wanafanana sana. Mke wako anaweza kuwa aliyameza mayai kwao kabla hujamwoa. Kipimo kinanipa aina ya mnyoo. Ukikiuliza nani alimwambukiza nani, kinanyamaza."

Nilikwenda Tlawi siku hiyo hiyo. Nilimkuta Bibi akimkamua ng'ombe wake, nikamweleza kwa lugha yetu, polepole, kama nilivyoelezwa mimi, na nikarudia mara nyingi kwamba hakuna anayejua mayai yalitoka kwa nani. Alimaliza kukamua. Akafunika maziwa. Akasema, "Kwa hiyo aliyepaswa kutengwa ni mimi."

Nilimwambia amekwisha tibiwa, hana mnyoo tena, hamdhuru mtu. Alisikia, lakini hakukubali. Wewe umezoea kusema Bibi anakula peke yake kwa sababu ya meno, na kwamba ana kiburi na kikombe chake. Meno yake ni mazima. Amejiweka mwenyewe pale alipomweka mama yako, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumtoa. Usimchukie, mwanangu. Ukishindwa kabisa, basi nichukie mimi kwanza, maana yeye alifanya alilolijua kuwa kweli, na mimi nilijua zaidi yake nikakaa kimya.

Nirudi kwenye swali lako.

Najua wanachosema wanawake wa bombani, kwamba kuanguka kuko kwenye damu ya mama yako na kutashuka kwako. Hapana. Daktari aliniambia jambo moja ambalo nimelibeba miaka yote hii bila kukupa. Yale majiko madogo na maandishi yake hutoka kwa mama peke yake. Ndivyo ilivyo kwa mnyama, na ndivyo ilivyo kwetu. Kwa hiyo unapopanda mlima wa kwenda Tlawi bila kutweta, nguvu hiyo inapikwa kwenye majiko aliyokupa yeye, naye alipewa na mama yake wa Balangdalalu ambaye hukumwona. Punje zile za ubongoni si urithi. Ziliingia kwa mdomo, kwa chakula au maji, kama zinavyomwingia mtu yeyote.

Lakini sitaki kukudanganya kwa kukuliwaza. Ulikulia katika ua ule ule. Ulikula mboga zile zile ukanywa maji yale yale, na ulikula kutoka mikononi mwa Bibi, na mwangu. Wengi waliokulia pale hawajaanguka, na huenda hutaanguka kamwe. Kama nina hakika? Sina. Ndilo jibu langu la Jumapili. Sijui.

Kuna mashine ya kupiga picha ya kichwa katika hospitali kubwa ya Arusha. Nimejua habari zake miaka yote hii. Sikukupeleka kwa sababu niliogopa picha, nikaona afadhali nisijue. Nilikufanyia wewe kile kile nilichomfanyia mama yako, safari hii bila hata mgeni wa kumwonea haya. Juzi nimeomba likizo, na mkubwa amenipa bila neno, mimi niliyekuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Shule wanapokea wanafunzi wiki nzima, nimeuliza. Kesho tutashuka pamoja mpaka Babati. Kutoka pale tunaweza kwenda shuleni moja kwa moja, au tupitie Arusha kwanza. Mimi ningependa tupitie Arusha. Lakini kichwa ni chako, na umri wako sasa unatosha kuulizwa. Ukitaka kufikiri mpaka likizo, tutangoja likizo, wala sitakuona mwoga. Nafasi hiyo nimeshaichukua mimi.

Na kama kule bwenini kuna mtoto atakayeanguka, msogeze mbali na moto na vyuma, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na ubaki naye mpaka azinduke. Atakapofungua macho, mtu wa kwanza kumwona awe karibu.

Tukienda hospitali, daktari wa huko atatuuliza maswali. Atauliza nyumbani tulikula nini, nani alikuwa na mnyoo, nani alianguka na alikuwa wapi alipoanguka. Utakuwa umekaa pembeni yangu. Utanisikia nikijibu kila swali kwa sauti, mpaka mwisho, pamoja na la kibanda.

Nasikia lango linafunguka, nadhani ni wewe. Barua hii nitakuwekea juu ya sanduku.

Mimi niliyekuzaa na mama yako,
Baba